Mstari mmoja kwenye majibu ya dada

Majibu ya kinyama alichokatwa dada yalikuja kwenye karatasi mbili. Niliyasoma nikiwa nimesimama koridoni, yeye akiwa bado ndani anavaa. Neno saratani nilikuwa nimeshajiandaa nalo, kwa hiyo halikuniangusha. Kilichonimaliza ni mstari mmoja karibu na mwisho wa ukurasa wa pili: limfosaiti za ndani ya uvimbe, asilimia 60. Limfosaiti ni nini sikujua. Nilichokielewa ni namba tu, na nikaielewa vibaya. Nilidhani ugonjwa umeshamla dada yangu zaidi ya nusu. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, na kwa siku nne sikumwambia mtu.

Siku nne zile ndizo zinazonifanya niandike leo. Daktari aliyetupokea alikuwa na watu wengi nje wanamsubiri. Alitutajia aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe na tarehe ya kuanza dawa. Mstari ule hakuugusa, na mimi sikumuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kumbe katika karatasi zote mbili, huo ndio mstari uliobeba habari njema kuliko mingine yote.

Siku ya tano nilishindwa kuvumilia, nikaenda maabara kwenyewe. Nikamkuta mtaalamu wa patholojia, mama mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Una shida gani, mwanangu?"

Nikaikunjua karatasi, nikaweka kidole kwenye mstari. Akausoma, kisha akanitazama usoni, nadhani siku nne zote akaziona pale. Hakuanza kueleza. Alifungua droo, akatoa kioo chembamba chenye namba ya dada, akakiweka kwenye hadubini, akazungusha kitufe mpaka picha ikatulia, halafu akanyanyuka kwenye kiti chake. "Kaa hapa," akasema. "Tazama mwenyewe kwanza."

Kipande cha nyama kinachowekwa kwenye kioo kile hukatwa kwa unene wa takribani sehemu nne za elfu moja za milimita, chembamba kiasi kwamba mwanga unapita. Kikiachwa hivyo hivyo hakionyeshi kitu, kwa hiyo hutiwa rangi mbili. Hematoksilini hushika viini vya seli na kuvifanya vya bluu iliyoiva, na eosini hupaka kilichobaki rangi ya waridi. Nilichokiona kwanza ni mafungu ya seli kubwa kubwa, viini vyake vimevimba, hakuna kinacholingana na mwenzake, vingine vimenaswa vikiwa katikati ya kujigawa. Sikuhitaji kuambiwa hizo ni nini. Kati ya fungu na fungu kulikuwa na nyama ya waridi inayoyashikilia mafungu hayo. Na juu ya waridi ile, kila nilipotazama, nukta ndogo, za mviringo, nyeusi tii, nyingi, kama mtoto amekaa akizigonga moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Unaziona hizo ndogo nyeusi?" akaniuliza. "Kila moja ni limfosaiti. Huo si ugonjwa. Ni walinzi wa mwili wa dada yako. Hakuna aliyewapeleka humo, wameingia wenyewe."

Ndipo akanieleza ile 60. Mpimaji anaangalia ile nyama ya waridi iliyo kati ya mafungu ya saratani, anakadiria ni sehemu gani ya eneo hilo imefunikwa na nukta. Kwa dada yangu ilikuwa zaidi ya nusu. Saratani yake ni ile ya matiti iitwayo hasi-tatu: haina vipokezi vya estrojeni, haina vya projesteroni, wala haina ile protini ya HER2 kwa wingi. Maana yake dawa za homoni hazina pa kushika, na dawa zinazolenga HER2 nazo hazina kazi. Ni aina inayokua kwa kasi na inayotisha. Lakini ndani ya aina hiyo hiyo, wagonjwa hawafanani hata kidogo, na moja ya mambo yanayowatofautisha ni nukta zile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikusanya karibu wagonjwa 2,000 wa hasi-tatu ambao ugonjwa wao ulikamatwa mapema na ambao, kwa sababu moja au nyingine, hawakupewa tibakemikali. Kwa wale wa hatua ya kwanza waliokuwa na nukta asilimia 50 au zaidi, 94 kati ya kila 100 walifika miaka mitano bila saratani kuibukia mbali. Kwa wenye chini ya 30, walikuwa 78. Uvimbe ni wa aina moja, hatua ni moja, dawa hiyo wote hawakupata, na bado pengo ni kubwa namna hiyo.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha dada karatasi. Kisha nikaanza kusoma, na sijaacha mpaka leo.

Kwanza nilishangaa kwamba jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1863 Rudolf Virchow, mwanasayansi wa Ujerumani, alieleza kwamba ndani ya uvimbe wa saratani kuna seli nyeupe za damu. Mwaka 1891 daktari mpasuaji wa New York aitwaye William Coley, aliyekuwa amempoteza mgonjwa wake, binti wa miaka 17, kwa saratani ya mfupa, alikuwa amepekua kumbukumbu za hospitali akitafuta kama kuna mtu aliyewahi kupona. Akakuta habari za mwanamume aliyekuwa na uvimbe shingoni, kila ukikatwa unarudi, mpaka alipopatwa na maambukizi makali ya ngozi. Homa ilipopanda, uvimbe ukayeyuka. Coley alimsaka mtu yule mtaani mpaka akampata, mzima, miaka kadhaa baadaye. Akaanza kuwachoma wagonjwa wake sindano za bakteria kwa makusudi. Baadhi walipona kweli, wengine maambukizi yenyewe yaliwaua, na yeye hakuweza kueleza kwa nini huyu na si yule. Mionzi ilipokuja, njia yake ikaachwa. Aliuona moshi, chombo cha kuuonea moto hakikuwa kimetengenezwa.

Chombo kilipopatikana, namba zilianza kusema. Mwaka 2003 watafiti wa Pennsylvania walichukua sampuli 186 za saratani ya ovari iliyokwisha kuenea, wakatafuta kitu kimoja tu: je, ndani ya mafungu ya saratani mna seli T, ambazo ni aina moja ya limfosaiti? Waliokuwa nazo, asilimia 38 walifika miaka mitano. Wasiokuwa nazo, asilimia 4.5. Nilizisoma namba hizo mara tatu nikidhani nimeruka nukta. Miaka mitatu baadaye, huko Paris, Jérôme Galon na wenzake walionyesha kwenye saratani ya utumbo mpana kwamba ukijua ni seli gani za kinga zimo, ziko ngapi na zimekaa wapi, unaweza kubashiri ugonjwa kurudi vizuri kuliko kwa kuangalia tu ukubwa wa uvimbe na umbali uliosambaa. Hilo liligusa msingi wenyewe wa namna madaktari wanavyopanga hatua za saratani, hatua ya kwanza mpaka ya nne. Tumezoea kuuliza uvimbe ni mkubwa kiasi gani na umefika wapi. Ni nani wengine wamo humo ndani, hatukuwa tukiuliza.

Na hilo la "zimekaa wapi" ningependa msomaji alishike, maana mimi lilinichukua muda. Mama yule wa maabara alisogeza kioo kidogo tu, pembeni ya uvimbe ule ule, akanionyesha mahali ambapo nukta zilikuwa nyingi ajabu lakini zote zimejazana ukingoni, kama watu waliofungiwa nje ya lango. Ndani ya fungu la saratani hamkuwa na hata moja. "Huko zimefika lakini hazijapita," akasema. Uvimbe unaweza kujizungushia ukuta wa nyuzi ngumu na kutoa kemikali zinazowarudisha nyuma walinzi. Kuna uvimbe ambao walinzi wamezama mpaka katikati, na watafiti huuita wa moto. Kuna ambao wameishia mlangoni. Na kuna ulio mtupu kabisa, hamna nukta, kimya, ambao huitwa wa baridi. Dawa ile ile ikiwekwa kwenye uvimbe wa moto na wa baridi inaweza kuleta matokeo ambayo ungedhani ni ya dawa mbili tofauti.

Nukta zenyewe nazo si kitu kimoja, ingawa chini ya rangi zile mbili zinafanana. Zilizo muhimu kuliko zote ni seli T wauaji. Karibu kila seli ya mwili huning'iniza nje, juu ya ngozi yake, vipande vidogo vya protini inazotengeneza ndani. Seli T hupita ikikagua vipande hivyo. Ikikuta kipande kisicho cha kawaida, ambacho saratani imekizalisha kwa sababu jeni zake zimeharibika, hujibandika pale. Hutoa protini iitwayo perforini inayotoboa ngozi ya seli, kisha hupitishia humo vimeng'enya vinavyoiamuru seli ile ijiue. Halafu hubanduka na kwenda kwenye nyingine. Seli moja ya kinga inaweza kuua kadhaa namna hiyo, moja baada ya nyingine.

Sasa, mtu atauliza, kama walinzi wamejaa hivyo, kwa nini uvimbe uliendelea kukua? Na mimi nilimuuliza yule mama hivyo hivyo, nadhani kwa sauti kubwa kidogo.

Jibu ni breki. Seli T ina vidude juu yake ambavyo vikiguswa huizuia isiue, na hilo ni jambo jema, kwa sababu bila breki walinzi hawa wangemaliza maambukizi kisha wakageukia ini na maungio ya mwenyewe. Breki moja ni CTLA-4. Nyingine ni PD-1, ambayo Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto, Japani, waliigundua mwaka 1992. Seli ya saratani huweka nje protini inayoibonyeza PD-1, na seli T iliyokuwa tayari kuua inalegea. Ikibonyezwa hivyo majuma na miezi, huchoka kabisa: ipo, inaonekana kwenye hadubini, lakini haina nguvu. Na hapa kuna jambo ambalo mpaka leo linanigusa. Mara nyingi saratani huiweka protini ile ya kubonyeza kwa sababu seli T zimefika na zimeanza kupigana. Zinapopigana hutoa protini iitwayo intaferoni, na saratani ikiihisi hujikinga. Kwa hiyo uvimbe uliojaa breki mara nyingi ni uvimbe ambao humo ndani vita vilishaanza.

James Allison, Mmarekani, alionyesha mwaka 1996 kwamba ukiizuia CTLA-4 kwa panya, uvimbe unaisha. Watu wengi hawakumwamini. Dawa ya kwanza ya njia hiyo, ipilimumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, ile saratani ya ngozi ambayo ikishasambaa ilikuwa haina matumaini. Dawa za kuzuia PD-1 zikafuata mwaka 2014. Mwaka 2018 Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini ona dawa hizi zinavyofanya kazi: haziui hata seli moja ya saratani zenyewe. Zinaachia breki tu. Wa kuua lazima awepo tayari, au awepo karibu. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anapewa na uvimbe wake unanyauka, na mwingine mwenye ugonjwa wa jina lile lile anapewa na hakuna kinachotokea. Ukiachia breki ya gari lisilo na dereva, usitegemee likufikishe.

Nilichokuwa sikijui kabisa ni kwamba hata dawa za zamani zinawategemea walinzi hawa. Tibakemikali tumezoea kuiona kama sumu inayoua seli zinazojigawa haraka, basi. Lakini baadhi ya dawa hizo, doksorubisini ni mojawapo, huiua seli ya saratani kwa namna inayopiga kelele. Seli inapokufa hutoa nje protini na kemikali zinazoita, na seli za dendriti, ambazo kazi yao ni kuokota vipande vya kigeni na kuvipeleka kwenye tezi za limfu kuwaonyesha seli T, huja kuokota. Kwenye panya walionyimwa kinga, nguvu ya dawa ile ile hupungua. Mionzi nayo ni hivyo: panya wasio na seli T huhitaji mionzi mingi zaidi ili uvimbe wa aina ile ile uishe. Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Mole aliipa jina hali ambayo hutokea kwa nadra sana, pale mionzi inapopigwa sehemu moja na uvimbe mwingine, ulio mbali na usioguswa, nao unapungua. Leo wengi wanaamini seli T ndizo zinazobeba habari kutoka pale hadi kule.

Dada alipoanza dawa, kipimo cha damu kilionyesha seli nyeupe zimeshuka, na mimi nikashikwa na hofu mpya. Tunawaua wale wale walinzi! Nikaambiwa kwamba zinazoshuka haraka ni nyutrofili, zile zinazopigana na bakteria, kwa hiyo hatari kubwa ya siku hizo ni maambukizi, na kwamba mwili huzizalisha tena kabla ya mzunguko unaofuata. Nilijifunza kumpima dada homa asubuhi na jioni. Nilijifunza pia kutofautisha kinga iliyo kwenye damu na kinga iliyo ndani ya uvimbe, na hapo nina neno kwa wanaouza vitu vya "kuongeza kinga". Tuliletewa vingi: unga, maji, mafuta, kila kimoja na shuhuda zake. Mgonjwa mwenye uvimbe wa baridi anaweza kuwa na damu iliyojaa seli nyeupe zenye afya, zikapita jirani na uvimbe kila dakika, zisiingie. Tatizo lake ni lango, au ni breki. Anayekuuzia unga hajui uvimbe wako una nini ndani, na hawezi kujua. Nilisema hivyo mbele ya watu waliokuja kwa nia njema, na wengine walinuna. Sijutii.

Hadi hapa nimewasifu walinzi, lakini si wote waliomo ndani ya uvimbe wapo upande wetu. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mtaalamu wa patholojia huko Marekani, aliufananisha uvimbe na jeraha lisilopona. Sisi tuna neno la kidonda cha namna hiyo, donda ndugu, na nilipousoma mfano wake ndilo lililonijia. Mtu akijikata, mwili hupeleka makrofeji, seli kubwa zinazokula uchafu. Zikimaliza kusafisha hubadilisha kazi: huita mishipa mipya ya damu, hutuliza vita, husaidia nyama mpya ijengeke. Kwenye kidonda cha kawaida hiyo ni rehema. Saratani huwadanganya makrofeji kwamba hapa pana kidonda, na wao hukaa humo wakifanya kazi ya kuponya. Wanauletea uvimbe damu, wanazituliza seli T, na wengine wanazisaidia seli za saratani kupenya kwenye mishipa na kusafiri. Wanafanya kazi waliyoumbiwa kwa uaminifu wote, na uaminifu huo ndio unaolisha ugonjwa.

Kisha kuna seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzake wasiushambulie mwili. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Bila hizo mtu hushambuliwa na kinga yake mwenyewe. Ndani ya uvimbe, zikijaa, zinawafunga mikono wauaji. Chini ya hadubini ya kawaida nazo ni nukta nyeusi kama nyingine. Ili kuzitenganisha lazima utumie rangi maalumu za kingamwili.

Ndiyo maana nasisitiza, kwa yeyote atakayekimbilia majibu yake baada ya kusoma hapa, kwamba namba ile haisomwi peke yake. Kwenye matiti ya hasi-tatu, nukta nyingi ni dalili njema. Kwenye saratani ya matiti yenye vipokezi vya homoni, uchunguzi mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye nukta nyingi uvimbe wao uliitikia tibakemikali vizuri zaidi, lakini maisha yao hayakuwa marefu zaidi, yalikuwa mafupi. Kwenye saratani ya figo, seli T wauaji wengi mara nyingi huenda pamoja na ugonjwa mbaya. Mwulize daktari wako namba hiyo ina maana gani kwenye saratani yako.

Kuna jambo moja katika yote niliyoyasoma ambalo kama ningekuwa kijana ningeacha kazi nikalisomee. Steven Rosenberg, daktari mpasuaji katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, alijiuliza: kama walinzi wamo ndani ya uvimbe, wamechoka na wamezidiwa, kwa nini tusiwatoe? Mgonjwa anakatwa kipande cha uvimbe. Kinakatwakatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye visima vya plastiki vyenye majimaji na intalukini-2, protini inayoziamsha seli T. Majuma yanapita. Mbali na uvimbe uliokuwa unazibonyeza, zinaanza kuzaana mpaka zinafika mabilioni. Mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuondoa sehemu ya seli zake za kinga zilizobaki ili kupisha nafasi, kisha walinzi wake mwenyewe wanarudishwa kupitia mshipa, kwenye mfuko kama wa damu. Rosenberg alichapisha matokeo ya kwanza mwaka 1988, na kwa baadhi ya wagonjwa wa melanoma uvimbe ulipungua. Ilichukua zaidi ya miaka 30 hadi jaribio kubwa la Uholanzi na Denmark, lenye wagonjwa 168, lilipolinganisha njia hii na ipilimumabu. Nusu ya waliorudishiwa seli zao walikaa miezi 7.2 au zaidi bila ugonjwa kusonga. Kwa ipilimumabu ilikuwa miezi 3.1. Februari 2024 Marekani iliruhusu tiba ya kwanza ya namna hiyo. Ni ngumu, ni ghali, inachosha mwili, na si kila uvimbe unatoa seli za kutosha. Lakini dawa inayochimbwa ndani ya ugonjwa wenyewe! Sijazoea.

Kwa upande mwingine kuna wanaopata kwa wepesi. Saratani ambazo zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya jeni hujaza vipande vya kigeni kila mahali, na walinzi huziona upesi. Mwaka 2022 madaktari wa New York walitangaza habari za wagonjwa 12 wa saratani ya njia ya haja kubwa ya aina hiyo, waliopewa dawa ya kuzuia PD-1 pekee. Kwa wote 12 uvimbe ulitoweka, bila kisu, bila mionzi. Na kongosho? Saratani nyingi za kongosho ni baridi, zimejengewa ukuta mnene, na dawa hizi peke yake hazifanyi kitu. Tezi dume kwa sehemu kubwa ni hivyo hivyo. Wanaojaribu chanjo, virusi vinavyochomwa ndani ya uvimbe na mionzi ikichanganywa na dawa za breki wanatafuta jambo moja, kuupasha moto uvimbe wa baridi, na wengi bado hawajafanikiwa.

Dada alipewa tibakemikali pamoja na pembrolizumabu, moja ya dawa za PD-1, miezi sita kabla ya upasuaji. Kwa saratani ya hasi-tatu ya hatua kama yake, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba asilimia 64.8 ya waliopewa mchanganyiko huo hawakukutwa na saratani iliyobaki kwenye titi wala kwenye tezi walipofanyiwa upasuaji, dhidi ya 51.2 kwa tibakemikali peke yake. Mwezi wa nne wa matibabu alianza kuhisi baridi wakati wote, akachoka kuliko kawaida, uso ukajaa. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ilikuwa imeshambuliwa. Breki ikiachiwa, huachiwa kila mahali, na walinzi wanaweza kuvamia tezi, utumbo, mapafu, hata moyo. Lake lilikuwa jepesi: atameza kidonge kila asubuhi, pengine maisha yake yote. Wengine hupata makali zaidi na kulazimika kuacha. Ukiwa kwenye dawa hizi, kuhara, kikohozi kipya au kifua kubana si mambo ya kusubiri kliniki ijayo.

Baada ya upasuaji nilirudi maabara, safari hii na dada. Yule mama alituwekea kioo kipya, cha mahali ulipokuwa uvimbe. Mafungu yale ya seli kubwa hayakuwepo. Palikuwa na kovu la waridi, makrofeji waliojaa mafuta kama povu, sasa wakifagia mabaki, na hapa na pale, katika vikundi, nukta nyeusi. Kisha akatuwekea kile cha kwanza, cha kabla ya dawa, ili dada alinganishe. Akanionyesha na kibonge chenyewe cha nta kilichobeba kinyama kile, kidogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha, namba yake imeandikwa ubavuni. Vinahifadhiwa miaka mingi. Ikija rangi mpya ya kupima, wanakata kipande kingine.

Dada alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Hakuwa amewahi kuwaona.

"Sasa hawa wamekwenda wapi?" akauliza.

"Wengi wamekufa," yule mama akamjibu. "Kazi ikiisha hufa. Wachache hubaki na kumbukumbu, wanazunguka mwilini. Hao hatuwaoni hapa."

"Na watanitosha?"

"Hilo tutaendelea kuliangalia pamoja, mwanangu. Miezi mitatu uje."

Dada akatikisa kichwa kukubali, kisha akarudisha jicho kwenye hadubini.